Sura ya Nne: Njia Kabla ya Nyumba

Jioni moja ya masika, katika mtaa wa bondeni wilayani Kinondoni, tuliitwa wanaume wanne kumbeba jirani aliyeshikwa na uchungu. Bajaji ilikuwa imeshafika, ila iliishia barabarani mbele ya banda la mkaa, maana kutoka pale hadi nyumbani kwake palikuwa na uchochoro tu. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukakiinua. Mama mkwe wake alitangulia na tochi ya simu, akitutajia kila kilichokuwa mbele yetu: "Hapo pana bomba, baba zangu. Hapo pana ngazi. Hapo msikanyage, ni mfuniko wa choo." Kwenye kona ya nyumba ya tatu kiti kiligoma kupita. Mwenye nyumba ile alikuwa ameongeza chumba cha kupangisha, na ukuta wa chumba hicho ulikuwa umekula nusu ya njia. Tukamshusha yule mama, akasimama ameegemea ukuta huku maji ya mvua yakimpita miguuni. Tukakipitisha kiti ubavu, tukamkalisha tena upande wa pili, tukaendelea.

Alijifungua salama usiku ule ule. Kesho yake nilirudi pale na futi ya fundi, nikapima. Kwenye ile kona njia ilikuwa na upana wa sentimita 70. Nilipofika nyumbani nikapima mlango wa chumba changu, nikakuta una sentimita 80. Njia wanayoitegemea watu wa nyumba zaidi ya thelathini kwenda kazini, shuleni, hospitali na makaburini ilikuwa nyembamba kuliko mlango wa chumba changu cha kulala.

Kuta mbili tatu za uchochoro ule zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Kila mwenye nyumba alikuwa ameilinda ya kwake, dhidi ya matapeli na dhidi ya ndugu. Njia haikuwa na mtu wa kuilinda.

Sura hii ni ya hiyo njia. Ninachotaka kukisema ni kimoja, nami nitakisema mapema ili msomaji anipime nacho hadi mwisho: katika mji unaokua haraka, kazi ya kwanza ya serikali ni kutenga njia kabla nyumba ya kwanza haijasimama. Nyumba watu wetu wamejijengea wenyewe, kwa jasho lao, miaka yote hii. Njia hakuna mtu mmoja anayeweza kujijengea.

Mji uliojengwa na wenyewe

Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, iliikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 273,000. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka wa Azimio la Arusha leo ni mstaafu, na katika umri wake huo mmoja mji umeongezeka karibu mara ishirini. Kati ya sensa mbili za mwisho peke yake waliongezeka watu milioni moja na zaidi. Kila mmoja wao alihitaji pa kulala, maji ya kunywa na choo.

Nani aliwajengea? Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962 na limefanya kazi ya kuonekana, lakini mji ulikuwa unakimbia kuliko shirika lolote. Benki ya Nyumba ilianzishwa miaka ya 1970, ikafungwa miaka ya 1990. Mkopo wa nyumba wa kulipa kwa miaka ishirini hadi leo ni jambo la wachache. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kwa mishahara midogo, faida ya genge, pesa ya kijumbe na fedha za mirathi, tofali moja baada ya jingine.

Utaratibu wenyewe wakazi wa mji huu wanaujua kwa moyo. Fundi cherehani, tuseme, aliyepanga chumba Buguruni, anasikia kwa dalali kwamba Chanika kuna mzee anauza sehemu ya shamba lake. Wanakwenda Jumapili. Mzee anahesabu hatua: ishirini huku, ishirini kule. Vijana wanachimbia vigingi, wanapanda mnyaa mpakani. Mnunuzi anauliza swali la maana kuliko yote: "Na njia ipo, mzee?"

"Ipo, mwanangu," mzee anamjibu bila wasiwasi. "Mtapita pale kwenye miembe."

Wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mkataba unaandikwa: majina ya majirani wa pande zote nne, mashahidi wawili wa huyu na wawili wa yule, sahihi, dole gumba, muhuri. Fedha zinahesabiwa mezani, za ofisi nazo zinatolewa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevamia. Mwaka unaofuata mzee anauguliwa na mkewe, anahitaji fedha za matibabu, anauza eneo la kwenye miembe. Aliyelinunua naye anauliza kama njia ipo, naye anajibiwa kwamba ipo, atapita pale kwenye mikorosho. Baada ya miaka kumi miembe haipo, mikorosho haipo, na ile njia iliyokuwa katika maneno ya mzee haipo.

Ndiyo maana neno "makazi holela", tunalolisoma katika hotuba na ripoti, linaniumiza. Holela ni kitu kilichofanywa bila mpango, bila kufikiri. Huyu fundi cherehani alifikiri sana. Alitafuta mashahidi, alilipa, alipata muhuri, alijua mipaka yake hatua kwa hatua. Kilichokosekana hakikuwa ndani ya uwezo wake: mtu mwenye mamlaka wa kufika shambani kwa mzee kabla ya Jumapili ile na kusema, "Hapa mtauziana, lakini kuanzia mti huu hadi ule itapita barabara ya mita kumi, nayo haiuzwi."

Kisha ujenzi unaanza. Mwaka wa kwanza ni shimo la choo na tripu mbili za mchanga. Mwaka wa pili ni msingi. Kuta zinapanda hadi kwenye lenta, boma linasimama bila bati misimu miwili ya mvua, majani yanaota chumbani. Mwenye nyumba ya kupanga kule Buguruni akipandisha kodi, familia inahamia. Madirisha yanazibwa kwa tofali zisizokandikwa, mlango ni kipande cha bati, na mama anamshukuru Mungu kwamba yuko kwake. Baadaye vinakuja vyumba vya uani, viwili vya kupangisha. Haba na haba, kibaba kinajaa. Ukitazama mji huu kutoka angani unaona bahari ya bati, na kila bati lina historia ya namna hii. Watu hawa wamejenga mojawapo ya miji mikubwa ya Afrika bila benki na bila mkandarasi. Wanastahili heshima, na heshima ya kwanza wanayostahili ni kutengewa njia.

Funzo la Kariakoo

Anayetaka kujua njia ina thamani gani aende Kariakoo, asimame kona ya Msimbazi, na asahau bidhaa kwa dakika tano. Atazame mistari ya mitaa.

Mistari ile ilianza kuchorwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, wale Waafrika waliobebeshwa risasi na vyakula vya vita visivyokuwa vyao. Jina la Kiingereza la kikosi chao ndilo lililogeuka midomoni mwa watu likawa Kariakoo. Nia ya watawala haikuwa njema. Waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Siwasifu kwa hilo. Lakini katika kugawa kwao walipima viwanja na kuacha mitaa iliyonyooka baina yake, na mitaa hiyo tukairithi.

Juu ya viwanja vile zilisimama kwanza nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, kwa ramani ile inayojulikana pwani yote: baraza mbele, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma na jiko na choo. Makuti yakaondoka, yakaja mabati. Udongo ukaondoka, ikaja saruji. Mwaka 1975 lilifunguliwa soko kuu, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Leo pale palipokuwa na baraza la bao limesimama ghorofa, na eneo lililolaza familia sita linalisha wafanyabiashara wanaotoka Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura.

Nyumba za Kariakoo zimebomolewa na kujengwa upya, pengine mara tatu. Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Swahili na Mtaa wa Sikukuu haikuhama. Chini yake kumepita mabomba ya maji safi na ya maji taka, juu yake zimepita nyaya za umeme, na hayo yote yalikuwa na pa kupita kwa sababu pengo liliachwa. Nyumba ina umri wake. Bati litaoza, ukuta utapasuka, wajukuu watauza. Njia ikishachorwa na kuheshimiwa, inawazika waliojenga, wajukuu wao, na hata serikali iliyoichora.

Sinza na Manzese

Kwenye miaka ya 1960 sera ya mji ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za kisasa mahali pale pale. Fedha nyingi zilitumika na idadi ya nyumba haikuongezeka sana, maana kila mpya ilisimama juu ya kaburi la nyumba iliyokuwa na watu. Mwaka 1972 serikali iliamua kuachana na bomoabomoa. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi uliofanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Katika maeneo yaliyokwisha kujengwa, kama Manzese, uliboresha kilichokuwapo: barabara chache zilipenyezwa, mabomba yakaletwa, watu wakaachwa kwenye nyumba zao. Katika maeneo yaliyokuwa bado wazi, kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, mradi ulipima viwanja, ukachonga barabara, ukaleta maji, kisha ukawaambia watu: jengeni wenyewe.

Nasisitiza neno hilo, wenyewe. Sinza haikujengewa nyumba. Mtu alipewa kiwanja chenye mipaka na barabara mbele yake, akaanza kununua tofali kidogo kidogo kama mwenzake wa Manzese. Halafu miaka ya 1980 ilikuja na hali ngumu ya uchumi. Mradi uliisha, mabomba yakakauka, barabara zikawa mashimo. Mtu aliyetembea Sinza wakati ule angeweza kusema kwamba mradi umekufa na haukuacha kitu.

Uliacha mistari. Uchumi ulipopumua, maji yakarudi kwenye njia za mabomba, lami ikamwagwa juu ya barabara zilizokuwa zikisubiri, na wenye viwanja wakapandisha nyumba zao kwa sababu gari la mchanga lilikuwa linafika mlangoni. Mwaka 2021 wachumi Guy Michaels, Ferdinand Rauch na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo ya aina hizi mbili katika miji saba ya Tanzania, Dar es Salaam ikiwa mmojawapo, miongo kadhaa baada ya mradi. Maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikutwa na nyumba kubwa zaidi, zilizopangika vizuri zaidi, zenye umeme na maji zaidi, na ardhi yake ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa. Ni kweli pia kwamba leo Sinza imejaa watu wenye kipato kikubwa kuliko wale waliokusudiwa mwanzo, na hilo ni sehemu ya sababu. Lakini hata huyo mwenye kipato aliifuata njia.

Simdharau Manzese. Uamuzi wa kuwaacha watu majumbani mwao badala ya kuwabomolea ulikuwa wa haki, na ungali wa haki. Ninachosema ni kile ambacho kila zahanati imekibandika ukutani: kinga ni bora kuliko tiba. Kuboresha ni tiba. Kutenga njia mapema ndiyo kinga.

Maji nayo yana njia yake

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, unazunguka nyuma ya Kigogo, unatanuka Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Kiangazi unaweza kuuruka. Masika unaudai mji kila ulichochukua kwake.

Desemba 2011, siku chache tu baada ya sherehe za miaka hamsini ya Uhuru, mvua ilinyesha kwa namna ambayo mji haukuwa umeiona kwa miongo mingi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Walioweza kupanda walilala juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Serikali iliwapa waathirika wengi viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya mji, na baadhi yao walirudi bondeni baada ya muda. Walilaumiwa sana kwa kurudi. Lakini mama anayeuza chapati alfajiri kwa wapakiaji wa Kariakoo hawezi kuishi mahali ambapo nauli inakula unga na mafuta. Aliuchagua ukaribu, na hatari ikaja pamoja nao.

Kosa lenyewe lilifanyika miaka mingi kabla ya mvua ile, tena halikufanywa na maskini peke yao. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa, na maji yakaifuata humo mara kwa mara. Barabara ya Morogoro, uti wa mgongo wa mji, imekuwa ikifungwa pale pale kila mvua kubwa inaponyesha. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umekusudiwa kulipa fidia, kuwahamisha watu na kujenga daraja jipya la juu Jangwani. Ni kazi njema. Ni kazi ya kuyarudishia maji, kwa mabilioni ya shilingi, njia ambayo zamani ililindwa bure na majani na matete.

Mafuriko ya mji hayaji na maji peke yake. Sehemu kubwa ya wakazi wanatumia vyoo vya shimo, na mahali gari la kunyonya maji taka haliwezi kufika, shimo likijaa watu husubiri mvua kubwa ili kulitapisha. Kilichokuwa shimoni kinaingia uchochoroni, kinaingia kisimani, kinaingia kwenye miguu ya watoto wanaokwenda shule. Kila mara kipindupindu kinaporudi tunatangaziwa tunawe mikono, na ni vyema tunawe. Lakini ukifuata chanzo utafika kwenye njia iliyozibwa: gari halikupita, mtaro haukuchimbwa, kwa kuwa pengo la kupitisha vyote viwili lilikwisha kuuzwa.

Inafaa kusema pia kwamba watu hawakukaa wakisubiri. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wengine, walichimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za mtaa kwa kazi ya mikono yao. Tangu mwaka 2015, kupitia Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wakazi uchochoro kwa uchochoro, wakichora kila mtaro, kila kijia na kila mahali maji yanaposimama, mitaa ambayo katika ramani nyingi ilikuwa doa la kijivu. Mji uliojengwa bila ramani ulichorwa na wenyewe.

Deni la kuchelewa

Njia isiyotengwa mapema haiachi kuhitajika. Inageuka deni, na deni hilo linalipwa na mtu fulani.

Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Watu waliamka wakakuta kuta zao zimechorwa alama ya X nyekundu. Kisheria eneo lilikuwa hifadhi ya barabara. Lakini watu walikuwa wameishi pale kwa miongo, wamelipia umeme na maji, wamezaa na kuzika. Mjadala wa nani alikuwa na haki umeandikwa sana. Mimi nauliza swali jingine: ingegharimu nini, miaka hiyo barabara ilipopita porini, kuweka bikoni zinazoonekana na kupanda mstari wa miti kila upande, ili kila mnunuzi ajue kwa macho yake mpaka uko wapi? Hifadhi iliyo kwenye sheria tu, isiyoonekana ardhini, ni mtego kwa mnyonge.

Deni jingine tunalilipa kila siku kwa muda na kwa viungo vya miili yetu. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, uliwapunguzia maelfu ya watu saa za foleni. Uliwezekana kwa sababu barabara ile ilikuwa na upana. Lakini ukishuka kituoni Manzese au Kimara, nyumbani kuko ndani, kwenye vijia ambavyo basi haliingii. Hapo ndipo bodaboda na bajaji zilipopata kazi. Vijana hawa wamelijibu kwa wepesi swali ambalo mpango wa mji haukulijibu. Majibu yao yana thamani na yana gharama, nayo wodi za mifupa zinaijua.

Sasa tuko kwenye urasimishaji: wakazi wanachangishana, wapimaji wanakuja, mtaa uliokwisha kujengwa unapimwa ili kila mtu apate hati. Nimekaa katika mkutano mmoja wa namna hiyo, chini ya mkungu, watu kama mia. Mpimaji alieleza kwamba ili gari la zimamoto lipite, kila mwenye nyumba upande wa kushoto aachie mita moja na nusu. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia. "Mwenyekiti," alisema, "mita moja na nusu kwangu ni chumba cha mpangaji. Na mpangaji huyo ndiye dawa zangu za presha." Hakuna aliyemzomea. Kila mtu pale alijua kwamba anasema kweli. Ardhi ile ile, siku iliponunuliwa ikiwa shamba, ingeweza kuachwa bila mtu kukosa dawa. Hilo ndilo deni la kuchelewa: haliongezeki kwa fedha tu, linafika mahali linamdai mzee dawa yake.

Tumewahi kujaribu kuwahi. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa mji. Ulionyesha kwamba Serikali ikiamua inaweza kupima maelfu ya viwanja kwa muda mfupi, na kwamba fedha za mauzo zinaweza kuurudisha mtaji. Kasoro yake ni kwamba viwanja vilikuwa vikubwa na bei yake ilimpita mama lishe na mpiga debe, hivyo vingi vikaangukia kwa wenye uwezo, na vingine vikakaa miaka mingi vikiwa pori vinasubiri bei ipande. Tulipima njia, lakini tuliwapimia wachache. Fundi cherehani wetu aliendelea kununua kwa mzee, kwa hatua.

Pa kuanzia leo

Mji haukomi kwenye mpaka wa mkoa. Kati ya mwaka 2012 na 2022 watu wa Mkoa wa Pwani waliongezeka kutoka milioni 1.1 hivi hadi kupita milioni 2. Hao wengi wao ni Dar es Salaam iliyovuka mpaka: iko Vikindu na Mkuranga, iko Kibaha, iko Mapinga na Kerege kwenye barabara ya Bagamoyo. Nchi nzima, ambayo mwaka 1967 ilikuwa na mkazi wa mjini chini ya mmoja katika kila kumi, sasa ina zaidi ya theluthi moja ya watu wake mijini. Dodoma, Mwanza, Mbeya na Arusha zinapita njia hiyo hiyo. Mashamba ya mikorosho ambayo yatakuwa mitaa ya mwaka 2040 yapo leo, yana ndege na mbuzi, na wazee wanaoanza kufikiwa na madalali.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kutenga njia si sawa na kujenga barabara. Lami inaweza kusubiri miaka ishirini, mabomba yanaweza kusubiri, taa zinaweza kusubiri. Kisichoweza kusubiri ni mstari ardhini: barabara kubwa kila baada ya umbali fulani, mabonde ya maji yameachwa na majani yake, eneo la shule, eneo la makaburi, bikoni zinazoonekana, miti iliyopandwa. Kisha viwanja vidogo, vya bei ya mtu wa kawaida, na ruhusa ya kujenga kidogo kidogo kama tulivyozoea. Mwenye shamba hapotezi kwa kuachia sehemu ya njia, maana kilichobaki kinapanda thamani. Sinza ni ushahidi.

Kwa hiyo nasema na watu watatu. Mkurugenzi wa halmashauri: mpimaji wako afike shambani kabla ya dalali. Mwenyekiti wa mtaa: muhuri wako una nguvu kuliko unavyodhani, usiugonge kwenye mkataba wowote ambao njia yake haijapimwa, ikaandikwa na kutiwa sahihi na aliyeuza. Na wewe msomaji unayekwenda Jumapili hii kuonyeshwa kiwanja, ukiambiwa mtapita pale kwenye miembe, omba mkaipime ile miembe. Andikeni mita, si miti. Ikifika zamu ya kuchimba msingi, rudisheni kamba nyuma kidogo, kiasi cha kupitisha kitanda chenye mgonjwa na watu wawili wa kukibeba. Siku moja kitabeba mtu wa nyumba hiyo.